UZI: Jehanamu ya Dante – tusiishie kwenye ule mchoro wa ngazi tisa, tuwasikilize waliomo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wiki hii kwenye kundi letu la WhatsApp umeletwa tena ule mchoro wa Jehanamu ya Dante: shimo pana juu, jembamba chini, ngazi tisa, kila ngazi na dhambi yake. Watu wakaanza kupangiana: wewe ya tatu, fulani ya nne, yule jirani ya nane. Kule sikusema kitu, maana ni kundi la harusi. Lakini jambo lenyewe liko moyoni mwangu miaka mingi, na hapa jukwaani kuna nafasi ya kulisema vizuri.

Mchoro ule hauna kosa. Ila kumpa mtu mchoro ule ukadhani umempa shairi ni sawa na kumpa ramani ya Kariakoo ukadhani umemtembeza sokoni. Shairi lenyewe ni watu. Watu wanaongea, wanalia, wanauliza habari za nyumbani, tena wengi wao mtunzi aliwajua kwa majina, kwa mitaa na kwa koo zao.

Mimi nililikuta utotoni, Iringa. Kwenye misheni ya jirani alikuwepo padri mzee Mwitaliano, mzaliwa wa Toscana, ambaye kila jioni alimwagilia kabichi zake huku midomo inacheza. Nikadhani anasali rozari. Siku moja nikamuuliza. Akasema hii si sala, huyu ni Dante, akaendelea kunisomea kipande kirefu kwa kichwa, bila karatasi, ndoo ya maji mkononi. Sikuelewa hata neno moja. Nilichokishika ni mwendo: kama mtu anayepanda ngazi, kila hatua imeshikana na ile aliyotoka. Miaka mingi baadaye, nilipolisoma kwanza kwa Kiingereza na kisha pole pole kwa Kiitaliano, kamusi ikiwa pembeni, ndipo nikajua mwendo ule ulitoka wapi. Nitalieleza huko mbele, washairi mnisubiri.

Kwanza msingi, kwa haraka. Dante Alighieri alizaliwa Florence mwaka 1265, akafariki Ravenna mwezi Septemba 1321. Shairi lake aliliita Komedia, basi. Neno "Divina", yaani ya kimungu, lilitokana na sifa alizomwagiwa na Boccaccio, mwandishi wa karne hiyohiyo, na lilianza kuonekana kwenye jalada la kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1555. Lina nyimbo 100: Jehanamu 34, Toharani 33, Paradiso 33, jumla mistari 14,233. Uzi huu ni wa Jehanamu peke yake.

Kisa kinaanza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1300. Dante ana miaka 35, amepotea msituni. Anataka kupanda kilima chenye jua, anazuiwa na chui, simba, na mbwamwitu jike aliyekonda. Anatokea Virgilio, mshairi wa Roma ambaye wakati huo ana zaidi ya miaka 1,300 kaburini, anamwambia: kwa njia hii hutapita, nifuate mimi. Njia yenyewe inakwenda chini, ndani ya ardhi.

Langoni kuna maandishi, na mstari wa mwisho hata asiyewahi kulisoma shairi ameshausikia: acheni kila tumaini, ninyi mnaoingia. Kinachonishangaza mimi ni wale wanaokutwa mara tu baada ya hapo, kabla hata ya mto Acheron. Ni watu ambao maishani hawakuwa upande wowote. Hawakutenda wema wala uovu, waliangalia nafsi zao tu. Wanakimbia nyuma ya bendera isiyotulia, wanaumwa na nyigu na nzi. Mbinguni hawatakiwi, na Jehanamu nayo imewakataa. Virgilio anamwambia asiwazungumzie, awatazame apite. Katika safari nzima hakuna kundi lililodharauliwa kiasi hicho.

Sasa twende kwa Francesca, ngazi ya pili.

Humo hakuna moto. Kuna upepo, giza, na roho zinapeperushwa huku na huku zisipate pa kutua, kama zilivyopeperushwa na tamaa zilipokuwa hai. Dante anawaona wawili wanaopepea pamoja, anawaita, nao wanakuja kama njiwa wanaorudi kiotani. Mwanamke ndiye anayeongea. Ni Francesca, binti wa ukoo wa da Polenta wa Ravenna, aliyeozwa kwa Gianciotto Malatesta wa Rimini, ndoa ya kuunganisha koo mbili zenye nguvu. Akapendana na shemeji yake, Paolo. Mume akawaua wote wawili.

Sikilizeni anavyoongea. Beti tatu zinazofuatana anazianza kwa neno lilelile: mapenzi. Mapenzi yalimshika huyu, mapenzi yakanishika mimi, mapenzi yakatupeleka kwenye kifo kimoja. Dante anamuuliza: mlijuaje kwamba mnapendana? Anajibu kwamba walikuwa wanasoma pamoja kitabu cha hadithi ya Lancelot, wako wawili tu, bila wasiwasi. Walipofika pale shujaa anapombusu malkia, Paolo naye akambusu yeye, akitetemeka mwili mzima. Halafu anamalizia: siku ile hatukusoma zaidi. Muda wote huo Paolo analia tu, hasemi neno. Dante anazimia kwa huruma, anaanguka kama maiti.

Ukisoma mara ya kwanza unalia naye. Ukisoma mara ya tano unagundua kwamba Francesca hajasema popote "nilifanya". Mapenzi ndiyo yaliyofanya, kitabu ndicho kilichofanya. Dante hajampunguzia adhabu na hajamnyima heshima, na mimi kama msomaji nabaki nimeshika vyote viwili.

Jambo moja zaidi. Miaka ya mwisho ya maisha yake, bila kwao, bila mali, Dante alipokelewa Ravenna na mtawala Guido Novello da Polenta. Francesca alikuwa shangazi yake huyo Guido.

Nikipata chakula nitaendelea.

*

Nimerudi. Naona maswali yameshakuwa mengi, nianze na mkuu wa #6: "Alidai alikwenda kweli, au ni ndoto?"

Mkuu, ndani ya shairi anaongea kama shahidi. Hasemi popote kwamba aliamka akakuta ilikuwa njozi. Anakuapia, anakutajia saa kwa kufuata nyota, anakwambia alivyochoka kupanda jabali. Na watu walimsadiki kwa namna yao: Boccaccio anasimulia kwamba akina mama wa Verona walipomwona anapita, mmoja alimwambia mwenzake kuwa huyu ndiye anayeshuka kuzimu na kurudi na habari za waliomo, na mwenzake akajibu ndiyo maana ndevu zimejikunja na ngozi imekuwa nyeusi, ni moshi wa huko. Dante, anasema Boccaccio, alitabasamu akaendelea na safari yake.

Mkuu wa #8: "Hizi ngazi tisa ni mafundisho ya Kanisa Katoliki?" Hapana. Kanisa linafundisha kuwepo kwa moto wa milele, ngazi hizi ni zake. Katika wimbo wa 11 Virgilio anaketi kumweleza mpangilio, na msingi wake ameutoa kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki: kwanza wale walioshindwa kujizuia, chini yao waliotumia nguvu, chini kabisa wadanganyifu na wasaliti. Angalieni hapo. Mlafi na mzinzi wako juu kabisa. Mwuaji yuko chini yao. Na tapeli yuko chini ya mwuaji, kwa sababu utapeli unatumia akili, kitu ambacho mnyama hana, na msaliti anavunja uaminifu wa mtu aliyemwamini. Watu wengi kwenye lile kundi letu waliupanga uovu kinyume chake.

Mkuu wa #11, mshairi wetu, ameuliza vina vinakwendaje. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo ule mwendo niliousikia kwenye kabichi.

Ubeti una mistari mitatu, kwetu tungeuita tathlitha. Kila mstari una mizani 11. Mstari wa kwanza na wa tatu vina kina kimoja, wa katikati una kina chake peke yake. Lakini kile kina cha katikati hakifi: ndicho kinachokuwa cha kwanza na cha tatu katika ubeti unaofuata. Na ule nao unazaa kina kipya katikati, kinachokwenda kuuanza ubeti wa mbele yake. Hivyo hivyo mpaka wimbo uishe, ambapo mstari mmoja unasimama peke yake kufunga. Utenzi wetu una kina kimoja cha bahari kinachotembea mwisho wa kila ubeti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama uzi mmoja ndani ya shanga zote. Cha Dante ni mnyororo, kila pete imeingia ndani ya mwenzake. Jamaa yake wa karibu kwetu ni pindu, au mkufu kama wengine mnavyoliita, ingawa pindu linarudia maneno na hili linarudia kina.

Nimejaribu beti mbili za mwanzo kwa mizani ileile:

Kati ya mwendo wa uhai wetu
njia ya haki ilinipotea,
nikajikuta ndani ya msitu.

Ni kazi ngumu kuuelezea,
mwitu mnene, mkali, watisha:
nikikumbuka, hofu hunijea.

Ubeti wa tatu ungelazimika kuanza na kuisha kwa "sha". Mnaona? Huwezi kuchomoa ubeti mmoja, huwezi kupachika ubeti wako katikati, mnyororo utakatika. Mwananchi yeyote wa Florence aliyekuwa na kumbukumbu nzuri aliweza kuubeba kichwani, kwa sababu kila ubeti unamkumbusha unaofuata. Na aliuelewa, maana Dante aliacha Kilatini, lugha ya wasomi na ofisi, akatunga kwa lugha ya mama zao wa sokoni. Aliwahi hata kuandika kitabu kuitetea lugha ya watu, na kitabu hicho alikiandika kwa Kilatini ili wasomi wenyewe wakisome. Mwaka 1373 Boccaccio alikuwa anasimama kanisani Florence kulisoma na kulieleza shairi hili mbele ya umati, kwa fedha ya jiji. Jiji lilelile lililomfukuza.

*

Hapo kwenye kufukuzwa ndipo penye ufunguo, na mkuu wa #14 ameuliza kwa nini Jehanamu imejaa watu wa mji mmoja.

Florence ya wakati ule ilikuwa imegawanyika. Kwanza Guelfi, upande wa Papa, na Ghibellini, upande wa Kaisari. Guelfi waliposhinda wakagawanyika wenyewe makundi mawili yaliyoitwa Weupe na Weusi. Dante alikuwa na Weupe. Kiangazi cha mwaka 1300, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, alikuwa mmoja wa wakuu sita wa kuongoza jiji. Mwaka uliofuata akatumwa Roma kwa Papa Boniface VIII, na akiwa huko Weusi wakaushika mji, wakisaidiwa na jeshi la Charles wa Valois aliyeletwa na Papa huyohuyo. Tarehe 27 Januari 1302 Dante akahukumiwa bila kuwepo: amekula rushwa akiwa ofisini. Faini ya florini 5,000, miaka miwili nje ya mji, na asishike cheo tena maisha yake yote. Hakulipa, hakurudi kujitetea. Tarehe 10 Machi wakaongeza: akikamatwa achomwe moto hadi afe.

Sasa shukeni ngazi ya nane, handaki la tano. Humo wamo mafisadi, watu waliouza ofisi za umma. Wamezamishwa kwenye lami inayochemka, na Dante anaifananisha na lami ya karakana ya meli ya Venice wakati wa baridi, mafundi wakiziba mbao. Mashetani wenye kulabu wanazunguka ukingoni. Anayetoa kichwa juu anachanwa. Virgilio anamwambia Dante: jifiche nyuma ya jiwe. Dante anajikunyata pale, anatetemeka. Baadaye mashetani wanawafukuza wote wawili, na wanaokoka kwa kuteleza kwenye genge, Virgilio amembeba kifuani kama mama anayekimbia moto na mwanawe, hana hata nguo ya kujisitiri. Ni katika handaki la kosa lilelile aliloshitakiwa ndipo anapowindwa. Hakuandika popote "mimi sikuiba". Aliandika hofu ile.

Papa naye hakupona. Katika wimbo wa 19, mahali pa waliouza vyeo vya Kanisa, watu wamepandwa kichwa chini ndani ya mashimo, nyayo zinawaka. Mmoja wao, Papa Nicholas III, anasikia hatua na kuita: umeshafika, Boniface? Boniface VIII, kwa kalenda ya shairi, bado yuko hai Roma, alifariki 1303. Nafasi yake imeshaandaliwa.

Lakini wimbo ninaoupenda kuliko yote ni wa 10. Ngazi ya sita, makaburi ya moto yaliyofunuliwa. Dante anapita akiongea na Virgilio, na sauti inatoka kaburini: ewe Mtoscana! Amemjua kwa lafudhi. Ni Farinata degli Uberti, kiongozi wa Ghibellini aliyewapiga Waflorence wenzake pale Montaperti mwaka 1260, aliyekufa kabla Dante hajazaliwa. Amesimama, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama mtu anayeidharau Jehanamu nzima. Swali lake la kwanza: wazee wako walikuwa akina nani? Kwetu tungesema, wewe ni wa akina nani? Dante anawataja, na mara moja wanaanza kubishana nani alimfukuza nani na nani aliweza kurudi. Wako kuzimu, moto unawaka, na siasa za mtaani hazijaisha.

Katikati ya mabishano hayo kichwa kingine kinachomoza kaburi hilohilo, kinafika kidevuni tu. Nadhani alikuwa amepiga magoti, anasema Dante. Ni mzee Cavalcante. Yeye hana habari na chama. Anaangalia nyuma ya Dante, anatafuta kama kuna mtu mwingine. Anauliza huku akilia: kama umepita gereza hili kwa ukubwa wa akili yako, mwanangu yuko wapi, mbona hakuja nawe? Mwanawe ni Guido Cavalcanti, mshairi, rafiki wa kwanza wa Dante. Dante anajibu kwamba anapelekwa na huyu anayemsubiri pale kwenda kwa mmoja ambaye pengine Guido "alimdharau". Mzee anasimama ghafla: umesemaje? Ali-? Kwani hayuko hai tena? Hauoni tena mwanga mtamu? Dante anachelewa kujibu. Mzee anaanguka chali, haonekani tena.

Kiambishi kimoja, wakuu. Kiambishi cha wakati uliopita, ndicho kilichomwua mzee yule mara ya pili. Padri alinieleza kipande hiki nikiwa darasa la sita, na akanipigia mfano kwa Kiswahili: ukimwambia mama "mwanao anapenda wali" na ukimwambia "mwanao alipenda wali", tofauti ni herufi chache. Tangu siku hiyo sijawahi kudharau sarufi.

Sasa ongezeni hili. Safari ya shairi ni Aprili 1300, Guido bado mzima. Miezi michache baadaye, Dante akiwa mmoja wa wale wakuu sita, baraza liliamua kuwatoa nje ya mji vinara wa pande zote mbili ili vurugu zipoe. Guido akiwemo. Huko alikopelekwa, Sarzana, akaugua, akarudishwa, na Agosti 1300 akafariki. Msomaji wa Florence alilijua hilo. Anamsikia baba akiuliza "mwanangu yuko wapi?" na anayeulizwa ni mmoja wa waliotia saini. Dante angeweza kabisa kuiacha mandhari hii isiwepo.

*

Mkuu wa #19 ameuliza kwa uchungu, na ana haki: "Ni kweli amemtukana Mtume?"

Ndiyo, mkuu. Katika wimbo wa 28, handaki la waliofarakanisha watu, amewaweka Mtume Muhammad na Ali, na maelezo yake ni ya kuumiza. Ulaya ya Kikristo ya wakati ule iliutazama Uislamu kama mpasuko uliotoka ndani ya Ukristo, na Dante aliichukua fikra hiyo bila kuihoji. Siitetei, na simlazimishi Mwislamu yeyote kuusoma wimbo huo.

Nitaongeza mambo mawili mtakayoyapima wenyewe. La kwanza, katika Limbo, ngazi ya kwanza ambayo haina mateso ila hamu isiyo na tumaini, kuna ngome yenye kuta saba na uwanda wa majani mabichi, makazi ya wenye heshima. Humo yumo Homer, mshairi wa Kigiriki, yumo Aristotle aliyeketi kama mwalimu wa wajuao, na humohumo wamo Ibn Sina na Ibn Rushd, wanafalsafa Waislamu. Na pembeni, peke yake, Salahuddin, yuleyule aliyewanyang'anya Wakristo Jerusalem mwaka 1187. La pili ni Miraji, safari ya Mtume ya kupaa mbinguni usiku. Mwaka 1919 msomi wa Kihispania, padri Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu akisema safari ya Dante inafanana mno na masimulizi ya Kiislamu ya Isra na Miraji: kiongozi njiani, ngazi za adhabu, mbingu zinazopandana. Walimpinga sana, hasa Italia. Lakini mwaka 1949 zikachapishwa tafsiri za Kilatini na Kifaransa cha kale za kitabu cha Kiarabu cha Miraji, zilizotengenezwa Hispania katika karne ya 13 kwenye jumba la Mfalme Alfonso X. Dante alikuwa hajazaliwa au alikuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo simulizi ilikuwepo Ulaya katika lugha alizozisoma. Kama ilimfikia mkononi, wasomi bado wanabishana. Mimi, niliyesikia tenzi za Miraji zikisomwa pwani usiku wa tarehe 27 Rajabu, ufanano ule nauona kila ninapofungua kitabu.

Mkuu wa #23 anataka nitaje kisa kimoja tu cha kumsomea mtu asiyependa mashairi. Ulisse, shujaa wa hadithi za Kigiriki, wimbo wa 26. Ni mwali wa moto wenye ncha mbili, na kutoka ndani ya mwali sauti ya baharia mzee inasimulia jinsi alivyoshindwa kutulia nyumbani na mwanawe, baba yake na mkewe. Akakusanya mabaharia wachache waliobaki, wazee kama yeye, wakafika mlango wa bahari ambapo mtu hakutakiwa kuvuka, akawaambia: kumbukeni asili yenu, hamkuumbwa muishi kama wanyama, bali mfuate wema na maarifa. Wakavuka. Wakaelekea kusini miezi mitano, hadi usiku wakaziona nyota zote za upande ule mwingine wa dunia, na nyota za kwao zikazama chini ya bahari. Ukatokea mlima, mkubwa kuliko wowote waliowahi kuuona. Wakashangilia. Kutoka mlima ule ukaja upepo, ukaizungusha meli mara tatu, mara ya nne ikazama, bahari ikajifunga juu yao.

Primo Levi, mwandishi Myahudi wa Torino, anasimulia alivyoukumbuka wimbo huu akiwa mfungwa Auschwitz, kambi ya Wanazi, akimtafsiria mwenzake Mfaransa mstari kwa mstari walipokuwa njiani kwenda kuchukua sufuria la supu, na jinsi alivyoteseka kwa mistari aliyoisahau.

Huu ndio wimbo wa kwenye kabichi. Padri alinionyesha nyota za kusini juu ya vilima vya Iringa, akasema: Dante hakuwahi kuziona, mimi naziona kila siku.

Kuhusu Ugolino, wimbo wa 33, mtanisamehe, nitasema kidogo kwa sababu nina watoto. Mtawala wa Pisa aliyefungiwa mnarani na askofu mkuu Ruggieri, mwaka 1289 akaachwa afe njaa. Katika historia alikuwa na wana wawili na wajukuu wawili. Dante amewafanya wote kuwa wanawe. Asubuhi wanasikia mlango wa chini unagongelewa misumari. Baba hasemi kitu. Watoto wanapomwona anajing'ata mikono kwa uchungu wanadhani ni njaa, wanamwambia: baba, itatuuma kidogo zaidi ukitula sisi. Wanakufa mmoja mmoja. Mstari wa mwisho anasema njaa iliweza kile ambacho huzuni haikukiweza, na watu wamebishana miaka 700 kama maana yake ni kwamba alikufa au kwamba alikula. Hayo yote anayasimulia akiwa ndani ya barafu, anatafuna kichwa cha Ruggieri. Ndiyo, barafu. Chini kabisa hakuna moto. Kuna ziwa lililoganda, na Lusifa ameganda humo hadi kifuani, ana nyuso tatu, anawatafuna Yuda, pamoja na Brutus na Cassius waliomuua Julius Caesar, na upepo wa mbawa zake ndio unaoifanya barafu isiyeyuke. Haongei. Baada ya nyimbo 33 za watu wenye mengi ya kusema, yeye hana neno hata moja.

*

Swali la mwisho kwa leo, mkuu wa #31: "Alirudi kwao?"

Hakurudi. Mwaka 1315 walimpa nafasi ya kusamehewa kwa masharti ya kujidhalilisha hadharani, akakataa. Katika Paradiso anatabiriwa uhamisho wake kwa maneno haya: utaonja jinsi mkate wa watu ulivyo na chumvi, na jinsi ilivyo ngumu njia ya kushuka na kupanda ngazi za watu. Nilidhani chumvi ni machozi. Padri akanirekebisha: mkate wa Toscana hauokwi na chumvi kabisa, kokote uendako mkate unakwambia uko ugenini. Yeye mwenyewe alioka wa kwake pale misheni, usio na chumvi, na hakuna kati yetu aliyeupenda.

Florence walikuja kuitaka mifupa. Mwaka 1519 Papa Leo X, mtu wa Florence, aliruhusu ichukuliwe, na Michelangelo akajitolea kuchonga kaburi. Wajumbe walipofungua sanduku Ravenna walikuta halina mifupa: Wafransisko walikuwa wametoboa ukuta wakaificha. Ikaja kuonekana mwaka 1865, katika sanduku la mbao ndani ya ukuta. Florence wana kaburi la heshima ndani ya kanisa la Santa Croce, tupu. Mwaka 2008 baraza la jiji lilipiga kura kuifuta ile hukumu. Na kila Septemba wanapeleka Ravenna mafuta ya zeituni ya Toscana ya kuwashia taa inayoning'inia juu ya kaburi lake.

Kwa anayetaka kuanza: usianze ukurasa wa kwanza ukitegemea kumaliza. Soma wimbo wa 5, wa 10, wa 13 (wale waliojiua, wamegeuka miti, ukivunja tawi linatoa damu na maneno), wa 15 anapomkuta mwalimu wake Brunetto Latini uso umeungua na bado anamwita kwa heshima, halafu 26 na 33. Tafuta tafsiri yenye maelezo chini ya ukurasa, bila hayo majina yatakuchosha.

Jumamosi nitaweka beti za Francesca kwa mizani 11. Nimekwama kwenye ule mstari wa "siku ile hatukusoma zaidi": nikiufunga kwa "zaidi" nakosa kina cha ubeti uliotangulia. Mwenye wazo aliweke hapa chini.